"Nimeokoka" na "inshaallah": Mkristo na Mwislamu wanaachana wapi hasa kuhusu wokovu?

#1 Tarishi
Wakuu, salaam.

Muulize Mkristo, hasa mlokole, "ukifa leo unakwenda wapi?" Atakujibu bila kusita: nimeokoka, nakwenda kwa Baba. Muulize Mwislamu swali hilohilo, atakwambia "namwomba Mola mwisho mwema", au "Peponi, inshaallah".

Ninavyoona mimi, tofauti hii haiishii kwenye namna ya kusema. Ukristo unafundisha kwamba kazi ilishakwisha msalabani, mtu anaipokea kwa imani (Waefeso 2:8-9). Uislamu unafundisha kwamba amali zitawekwa kwenye mizani (Qur'ani 23:102-103, na Sura ya 101 yote), na hakuna anayejua kitanga kipi kitakuwa kizito. Kwa kifupi: mmoja anaokolewa kwa imani, mwingine kwa matendo, ndiyo maana mmoja ana uhakika na mwingine hana.

Anayeona nimekosea aje na aya au hadithi, na aseme inapatikana wapi.

#2 Bint_Ngamani
Tarishi, umekosea pale penye "kwa matendo". Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakuu wa hadithi, wote wamepokea, kutoka kwa Abu Huraira na kwa Bi Aisha, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema amali ya mtu haitamwokoa yeyote. Wakamuuliza, hata wewe? Akasema hata mimi, ila Mwenyezi Mungu anifunike kwa rehema yake.

Na litazame neno lenyewe. Katika mojawapo ya riwaya za Bukhari kitenzi ni *yunajji*, yaani kuokoa. Wanaodai Uislamu hauna neno "wokovu" hawajaisoma hadithi hii. Lipo, na limetumika papo hapo kusema kwamba amali peke yake haiokoi.

#3 Zeze
Bint_Ngamani, hadithi naijua. Lakini Qur'ani 7:43 na 16:32 zinawaambia watu wa Peponi waingie "kwa yale mliyokuwa mkiyatenda". Hadithi inasema si kwa amali, aya inasema kwa amali. Tushike lipi?

#4 Karafuu
Swali zuri Zeze, nalo lina umri mrefu kuliko sisi sote humu. Jibu la wanazuoni linasimama juu ya herufi moja, *ba*, iliyo mwanzoni mwa *bima kuntum ta'maluun*.

*Ba* ina kazi nyingi katika Kiarabu. Mbili ndizo zinazotuhusu. Kuna *ba* ya badala, ile ya sokoni: nimenunua kanzu kwa shilingi kadhaa, thamani imelingana na bidhaa na muuzaji hana hiari tena ya kukunyima. Na kuna *ba* ya sababu: mmea umeota kwa mvua. Mvua haikuununua mmea, ila Mungu ameifanya njia. Hadithi inakanusha ile ya kwanza, yaani hakuna amali yenye thamani ya kuilipia Pepo. Aya inathibitisha ile ya pili. Wengine wameongeza kwamba kuingia ni kwa rehema, na kugawana daraja za ndani ni kwa amali.

Mu'tazila, shule ya kale ya itikadi ya Kiislamu, hawakukubali. Kwao Mungu mwadilifu *analazimika* kumlipa mtiifu. Ash'ari, shule ya itikadi ya Kisunni, wakajibu kwamba hakuna kinachomlazimu Mungu. Akilipa ni fadhila, akiadhibu ni uadilifu. Kwa hiyo Tarishi, ule Uislamu uliouelezea pale #1 uko karibu zaidi na Mu'tazila kuliko na wanayofundishwa Waislamu wengi wa pwani yetu.

#5 Kinanda
Na upande wa Ukristo nao umeuchora kwa brashi moja. "Nimeokoka, nina uhakika" si mafundisho ya Wakristo wote. Kanisa Katoliki lililikataa jambo hilo kwa maandishi katika Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu), kikao cha 6, tarehe 13 Januari 1547. Kanuni ya 16 inamlaani anayesema ana hakika kamili, isiyoweza kukosea, kwamba atadumu hadi mwisho, isipokuwa awe amejulishwa kwa ufunuo maalumu.

Mkatoliki anayeijua katekisimu yake ukimuuliza swali lako atakwambia natumaini. Tumaini ni fadhila, na kujihakikishia wokovu kwa majivuno ni dhambi dhidi ya fadhila hiyohiyo, sawa na kukata tamaa. Paulo mwenyewe anasema utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka (Wafilipi 2:12), na anayejidhania amesimama aangalie asianguke (1 Wakorintho 10:12).

#6 HemaYaKukutania
Kinanda, kwa heshima, Maandiko hayakuishia hapo. 1 Yohana 5:13: nimewaandikia mambo hayo "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele". Amesema *mjue*, hakusema mtumaini. Warumi 8:16, Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho zetu. Yohana 10:28, hakuna atakayewapokonya katika mkono wake. Uhakika huu hautokani na mtu kujiamini. Unatokana na kumwamini aliyeahidi, na kuutilia shaka ni kuitilia shaka ahadi yake.

#7 MchotaMaji
Kabla hamjafika mbali, naomba tulitazame neno "nimeokoka" lenyewe.

Kiswahili kina *okoa* na *okoka*, kama *ng'oa* na *ng'oka*. Ukisema "jino limeng'oka" hujamtaja aliyeling'oa, na pengine hayupo. "Nimeokoka" ni hivyohivyo: mwokozi hatajwi. Biblia ya Kiswahili ya 1952 haisemi hivyo pale Waefeso 2:8. Inasema "mme*okolewa*", kauli ya kutendwa, na hivyo ndivyo Kigiriki chake kilivyo. Anayesema "nimeokolewa" analazimika kuulizwa na nani. Anayesema "nimeokoka" anasikika kama anaitaja hali yake, na Mwislamu akimsikia anadhani jirani anajisifu.

Pili, nyakati ziko tatu. "Mmeokolewa", Waefeso 2:8. "Sisi tunaookolewa", 1 Wakorintho 1:18. "Tutaokolewa", Warumi 5:9. Mwandishi ni Paulo na neno ni lilelile. Kila dhehebu limechagua wakati wake likaufanya bendera.

Neno "mlokole" nalo lina kwao. Limetoka kwenye Kiganda, *omulokole*, wingi *abalokole*. Lilisambaa na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ndani ya Kanisa la Anglikana katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya, na Tanganyika kupitia Bukoba. Kwa hiyo "nimeokoka" tunalolisikia leo kwenye daladala limetufikia kwa njia ya bara, halikutoka kwenye Kiswahili cha kanisa cha pwani.

#8 Kishada
MchotaMaji umekuja na jino na koleo lake. Leo tumepata mwalimu wa sarufi, wachungaji na masheikh wakae mstari wa nyuma.

Ila umeacha moja. Neema, rehema, imani, toba, dhambi, fidia, dhabihu: yote ni Kiarabu. Mkristo wa Kiswahili hawezi kuhubiri Injili dakika 5 bila kuazima kwa jirani. Yaliyo ya Kibantu ni machache: okoa, komboa, patanisha. Na hayo machache ndiyo yanayobishaniwa humu.

#9 Nguzo
Narudi kwenye #5, maana kuna jambo limenigusa. Kinanda amesema Trento ilikataza uhakika "isipokuwa kwa ufunuo maalumu". Katika Uislamu wa Sunni kuna kitu hichohicho: *al-Ashara al-Mubashsharun*, masahaba 10 waliobashiriwa Pepo wangali hai, kwa majina, na Mtume mwenyewe (Abu Daud na Tirmidhi). Ni Abu Bakr, Umar, Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Abdurrahman bin Auf, Saad bin Abi Waqqas, Said bin Zaid na Abu Ubaida. Wako wengine waliobashiriwa kwenye hadithi nyingine, ila hawa wamekusanywa pamoja.

Asiyetajwa kwa wahyi (ufunuo) hatajwi na mtu. Alipofariki Uthman bin Madh'un, mwanamke wa Kiansari, Ummul-Alaa, alishuhudia kwamba Mungu amemkirimu. Mtume akamuuliza, umejuaje? Akasema yeye anamtarajia kheri, lakini wallahi, naye ni Mtume wa Mungu, hajui atakalofanyiwa. Imo katika Bukhari.

Kwa hiyo mstari ambao Tarishi ameuchora kati ya dini mbili hauko pale. Kwenye suala la uhakika, Mkatoliki na Msunni wamekaa mkeka mmoja, na mlokole amekaa mwingine.

#10 Karafuu
Nguzo, umeusogeza mstari pazuri, lakini unakata hata ndani ya Usunni. Kuna mas'ala ya zamani yanayoitwa *istithnaa*: inafaa mtu kusema "mimi ni muumini inshaallah"? Ash'ari na wengi wa Shafii wanasema inafaa, kwa sababu mtu hajui mwisho wake na pia anaogopa kujitakasa. Maturidi, shule nyingine ya itikadi ya Kisunni, na Hanafi wanasema haifai. Sema "mimi ni muumini kweli", maana "inshaallah" kwenye imani uliyo nayo sasa inanusa shaka. Itikadi ya Nasafi, mwanazuoni wa Kimaturidi, imeliandika hivyo waziwazi.

Pwani ya Afrika Mashariki ni Shafii. Ile "inshaallah" aliyoisikia Tarishi ina madhehebu yake. Angeuliza huko Uturuki au Bara Hindi, kwa Mhanafi aliyesoma, angepata jibu la mkazo mwingine kuhusu imani, ingawa kuhusu Pepo yenyewe naye angesema inshaallah.

#11 HemaYaKukutania
Mnazungukia matawi. Mzizi ni mmoja: mwanadamu anaokolewa *kutoka katika nini*? Kwa Mkristo, ugonjwa ulianzia Edeni na umetufikia sote (Warumi 5:12). Mgonjwa hatibiwi kwa maelekezo, anahitaji tabibu. Kwa Mwislamu, Adamu alikosa, akafundishwa maneno, akatubu, akasamehewa (Qur'ani 2:37, dua yenyewe ni 7:23), shauri likaisha pale. Mtoto anazaliwa katika *fitra*, yaani maumbile safi. Anachohitaji ni uongofu na msamaha. Ukitofautiana kwenye ugonjwa utatofautiana kwenye dawa, na maneno "uhakika" na "inshaallah" yatafuata yenyewe.

#12 Bint_Ngamani
HemaYaKukutania, hapo nimekuelewa, na nadhani umesema kweli kuliko wengi wanaopanda jukwaani. Ila Ezekieli 18:20 kwenye Biblia yenu inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hilo ni lilelile la Qur'ani 6:164, mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mnayapatanishaje?

#13 Ubani
Nijibie hapo upande wa Waorthodoksi, maana tunasahaulika kila uzi. Mashariki haikufundisha kwamba tumerithi *hatia* ya Adamu. Tumerithi mauti na udhaifu. Chanzo cha tofauti ni maneno mawili ya Kigiriki mwishoni mwa Warumi 5:12, *eph' hō*. Tafsiri ya Kilatini iliyasoma "ambaye ndani yake wote walitenda dhambi", na Agostino akajenga juu yake. Biblia ya 1952 imeyatafsiri "kwa sababu wote wamefanya dhambi", na huo ndio usomaji unaokubalika kwetu.

Ndiyo maana kwetu wokovu hausimuliwi sana kama kesi ya mahakamani. Ni kuponywa na kushirikishwa uzima wa Mungu, *theosis*. Ezekieli 18 haitusumbui hata kidogo.

#14 Zeze
Hata hivyo Waebrania 9:22 ipo: pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Uislamu unasema Mungu anasamehe tu. Haki ya Mungu inakwenda wapi? Hakimu akimwachia mwizi kwa sababu analia, aliyeibiwa amepata nini?

#15 Pwani_Kuu
Zeze, soma aya nzima: "katika torati *karibu* vitu vyote husafishwa kwa damu". Kwa nini "karibu"? Kwa sababu Walawi 4:11 inamruhusu maskini asiyeweza kununua hata hua wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mzuri, bila mafuta wala ubani, na iwe *sadaka ya dhambi*. Akasamehewa. Hakuna damu.

Kuhusu aliyeibiwa, hapo ndipo toba ya Kiislamu inapodai mengi zaidi. Mwanazuoni Nawawi amezitaja shuruti. Dhambi iliyo baina yako na Mungu ina shuruti 3: uiache, ujute, uazimie kutorudia. Ikihusu haki ya mtu zinakuwa 4, na ya nne ni kumrudishia. Mafakihi wameingia hadi kwenye vipande vidogo:

– Mali ipo na mwenyewe yupo: mrudishie hiyohiyo, au thamani yake kama imeharibika.
– Mwenyewe amefariki: warithi wake.
– Hajulikani wala warithi hawapatikani: itolewe sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku moja ana haki ya kudai chake.
– Umemsengenya: mwombe radhi. Kama kumweleza kutazusha fitina kubwa zaidi, wengi wanasema muombee dua na umtaje kwa wema palepale ulipomchafua.

Muda wake: kabla roho haijafika kooni (Tirmidhi), na kabla jua halijachomoza magharibi (Muslim). Zipo na rakaa mbili za toba (Abu Daud na Tirmidhi).

Wanapokosea wengi ni kudhani Hija au kufunga Arafa kunafuta deni la dukani. Hakufuti. Hata shahidi anasamehewa kila kitu isipokuwa deni (Muslim). Na hadithi ya *muflis*, yaani aliyefilisika, katika Muslim pia: mtu atakuja na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga yule. Watagawiwa mema yake. Yakiisha kabla ya madeni, atabebeshwa dhambi zao.

#16 Zeze
"Atabebeshwa dhambi zao." Pwani_Kuu, umeandika mwenyewe. Basi 6:164 iko wapi? Kama dhambi zinaweza kuhamishwa kutoka begani hadi begani, kwa nini iwe muhali zikihamia begani kwa Kristo?

#17 Karafuu
Kwa sababu muflis anabeba malipo ya dhuluma *yake*, kwa sarafu iliyobaki. Si mzigo wa mtu asiyemhusu, ni deni lake mwenyewe lililokosa cha kulipia. Kristo katika imani yenu hakuwa na deni. Huko ni mdaiwa analazimishwa, huku ni asiyedaiwa anajitolea. Ukitaka neno *fidia* katika Qur'ani lipo, 37:107, mtoto wa Ibrahimu alipokombolewa kwa mnyama wa kuchinjwa, *wafadaynahu*. Lakini 22:37 ikafunga mlango wa kudhani damu ndiyo inayofanya kazi: nyama zake na damu zake hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchamungu.

#18 Kinanda
Pwani_Kuu, orodha yako pale #15 ingeweza kutundikwa kwenye ubao wa parokia. Hatua za kitubio kama tunavyozifundisha: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuziacha, kuungama kwa padri, kutimiza malipizi. Dhambi za mauti zinatajwa kwa aina na kwa idadi. Ili dhambi iwe ya mauti lazima mambo 3 yakutane: jambo lenyewe ni zito, mtu alijua, na alitaka kwa hiari. Likikosekana moja si ya mauti.

Wakatoliki wanakosea mahali palepale mlipopataja. Mtu anadhani akishaondolewa dhambi na padri, ng'ombe aliyeiba amekuwa wake. Hapana. Ondoleo linafuta dhambi, halihamishi umiliki. Katekisimu namba 1459 inadai kurudisha kilichoibwa na kumrudishia jina uliyemsingizia. Zakayo alirudisha mara nne (Luka 19:8). Na wale walokole wa kwanza aliowataja MchotaMaji walijulikana kwa hilo hasa: kuungama hadharani na kurudisha mali za watu.

#19 Mkarafuu_Mkavu
Kwenye haya ya mizani na kutoka Motoni mmesahau Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Sunni wala Shia, ambao wapo Oman na Zanzibar, si kisa cha vitabuni. Sunni wanasema muumini mwenye dhambi kubwa aliyekufa bila kutubu yuko chini ya matakwa ya Mungu (4:48). Akiadhibiwa, hatimaye atatolewa Motoni, hata mwenye imani ya chembe ya hardali, na shafaa (uombezi) ya Mtume inawafikia wenye madhambi makubwa. Ibadhi wanasema hapana. Aliyeng'ang'ania dhambi kubwa akafa nayo, hatoki (2:81, 72:23), na shafaa ni ya waliotubu. Mufti wa Oman, Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar, ameitetea hoja hiyo kitabu kizima pamoja na mas'ala mengine mawili.

Kwa hiyo ukisema "Mwislamu anaamini shahada itamtoa Motoni" umewasemea Sunni tu. Ile hadithi ya kadi, ya mtu mwenye madaftari 99 ya dhambi yaliyozidiwa uzito na kikaratasi chenye shahada (Tirmidhi na Ibn Majah), haina kazi hiyo kwa Ibadhi.

#20 Kishada
Jina lako na la Karafuu vitatuchanganya. Mmoja aote, mwingine akauke.

Swali la kweli sasa. Ibadhi anasema ukifa na dhambi kubwa bila toba umekwisha. Mkatoliki anasema ukifa katika dhambi ya mauti bila toba umekwisha. Ni mamoja?

#21 Kinanda
Karibu sana. Tofauti iko kwenye dhambi ndogo na adhabu iliyobaki: tuna toharani, ambako aliyekufa katika neema anatakaswa. Huko haendi wa dhambi ya mauti. Sunni wengi wakilisikia "toharani" wanadhani tunasema yale yao ya mtu kutolewa Motoni. Sivyo, kwetu Motoni hatoki mtu.

#22 Sabato_Njema
Na sisi Waadventista hatuna Moto wa milele wa kuteseka. Waovu wanateketea, wanakoma. Tena tunayo hukumu ya upelelezi mbinguni, iliyoanza 22 Oktoba 1844, ambamo vitabu vinafunguliwa na maisha ya waliokiri imani yanachunguzwa. "Nimeokoka, nimemaliza" haliko kwetu. Mnaposema madaftari na mizani ni vya Uislamu peke yake, someni Danieli 7:10 na Ufunuo 20:12.

#23 Zeze
Niulize na Qur'ani 19:71, maana inasomwa sana kwenye mihadhara: hakuna yeyote kwenu ila ataifikia Jahanamu. Waislamu wote Motoni?

#24 Bint_Ngamani
Anayeisoma mihadharani huwa anafunga msahafu kabla ya 72. Aya inayofuata: kisha tutawaokoa wachamungu. Kitenzi ni *nunajji*, ukoo uleule wa #2. Wafasiri wengi wamesema "kufika" huko ni kupita juu ya Sirati, daraja lililo juu ya Jahanamu, na 21:101 inawaondoa waliotanguliwa na wema kwa kuwaweka mbali nao. Waislamu nao wana mchezo wao: wanasema Mkristo ameruhusiwa kutenda dhambi kwa sababu imelipiwa, wala hawamsomei Warumi 6:1-2. Tuache tabia hiyo pande zote.

#25 Tarishi
Shukrani wote. Natengua nusu ya #1. "Imani dhidi ya matendo" nimeifuta. Nimeona vilevile kwamba Walutheri na Wakatoliki wenyewe walisaini azimio la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, Augsburg, 31 Oktoba 1999, na Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Kama Luther na Trento wamefika hapo, basi *ba* ya Karafuu nayo inakaribia: Waprotestanti husema mtu anaokolewa *kwa njia ya* imani, si kwa thamani ya imani. Hiyo ni *ba* ya sababu. Niko sawa?

#26 Karafuu
Kwa kiambishi uko sawa. Lakini kinachokuja baada yake hakifanani. Hapo kwetu panakuja rehema ya Mungu bila mtu wa kati aliyekufa. Kwao panakuja kifo cha Yesu msalabani, ambacho Qur'ani 4:157 inasema hakikuwa. Daraja linafanana, mito ni miwili.

#27 HemaYaKukutania
Ndiyo. Na hilo nisingependa lipakwe asali. Mkiniondolea msalaba ili tuelewane, mmeniachia neno "neema" bila aliyeilipia. Bint_Ngamani anasema Mungu hahitaji kulipwa ili asamehe. Mimi nasema msamaha wowote una anayeubeba, na ukimsamehe mdeni wako, hasara umeibeba wewe. Hapo ndipo tunapoachana, tena kwa upendo.

#28 Bint_Ngamani
Kwa upendo pia: mdai maskini akisamehe anapata hasara. Tajiri asiyepungukiwa akisamehe, hasara ipo wapi?

#29 Ubani
Hilo ni zito, nitarudi nalo. Wakati huohuo, kuna anayeweza kueleza wasiofikiwa na ujumbe kabisa? Upande wa Katoliki naijua Lumen Gentium 16, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1964. Upande wa Uislamu kuna Qur'ani 17:15, na mwanazuoni Ghazali aliyewagawa watu mafungu 3: wasiolisikia jina la Mtume, waliolisikia limepotoshwa, na walioufahamu ukweli wakaukataa. Mafungu mawili ya mwanzo aliwapa udhuru. Nani ana la Ibadhi?

#30 Mkarafuu_Mkavu
La Ibadhi linahitaji uzi wake, maana hata wao kwa wao wamehitilafiana juu ya yale ambayo akili peke yake inamwajibisha mtu. Nitaufungua baada ya Ijumaa.

#31 Zeze
Sahihisho kwa #15: unga uko Walawi 5:11, si 4:11. Na 5:12 inasema kuhani huuteketeza konzi moja madhabahuni juu ya sadaka za Bwana zilizosongezwa kwa moto. Unga wa maskini uliwekwa juu ya madhabahu palepale penye damu za wengine. Pwani_Kuu, nasubiri jibu lako.